Mahindi ya Ukungu Si Chakula cha Mbwa

Karibu kila mnunuzi wa mahindi ana lile gunia moja pembeni, kwenye kona ya ghala au chini ya meza ya duka. Limejaa punje zilizopigwa na mvua, nyingine za kijani, nyingine nyeusi, nyingine zimeshikana kama kashata. Muulize ni ya nini, atakujibu bila wasiwasi: "Hayo ni ya mbwa." Jibu hilo nimelisikia Ngana, nimelisikia Ipinda na Kyela mjini, na leo nalipinga waziwazi. Mahindi ya mbwa hayapo. Yapo mahindi, na ipo sumu iliyowekwa kwenye gunia la mahindi.

Wengi wenu mmeshalisikia neno sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Huku kwetu mvua haituachii nafasi ya kuanika kwa utulivu, na mahindi yanayoshuka kutoka Mbozi au Ileje mara nyingine yanafika yakiwa yameshaloa njiani. Sumu hiyo hushambulia ini. Haiondoki kwa kuchemsha, haiondoki kwa kukaanga, na ukisonga ugali ukaacha moto mpaka sufuria iungue, bado imo.

Mwaka 2016 watu 20 walifariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kenya, mwaka 2004, walikufa 125 katika mlipuko uliopiga zaidi Makueni na Kitui. Walikuwa wakulima kama sisi, na walikula mahindi ya nyumbani kwao.

Sasa mbwa. Kuna imani kwamba tumbo la mbwa ni la chuma, linasaga chochote. Kwa mifupa mibichi, sawa. Kwa sumukuvu, mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika upesi kabisa. Marekani, miaka ya 1950, madaktari wa mifugo waliona mbwa wakifa kwa ini bila kujua sababu. Baadaye ikabainika kuwa ni sumu hiyohiyo kwenye chakula chao. Hata kiwandani, wenye maabara na mizani, imewashinda: mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mbwa zaidi ya 100 walikufa hukohuko Marekani kwa chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Wewe unayempa mbwa wako ugali wa punje nyeusi kila jioni, halafu miezi mitatu baadaye unasema "amerogwa na jirani, amekonda tu, macho ya manjano, anatapika", mwache jirani. Angalia gunia.

Lakini si mbwa peke yake ninayemtetea hapa. Angalia lile gunia likishaitwa "la mbwa" linakwenda wapi. Halitupwi. Linapangiwa bei, nusu ya bei ya mahindi mazuri au chini yake. Mkishalipangia bei mmelifanya bidhaa, na bidhaa ya bei ya chini ina mnunuzi wake: mama mwenye watoto watano na shilingi chache mkononi, au mzee anayeishi peke yake. Sijawahi kumwona mfanyabiashara anayemuuliza mnunuzi kama nyumbani ana mbwa. Yule mama anachambua, anatoa zile nyeusi kabisa, anaosha, anapeleka mashineni. Jioni ni ugali. Neno "mbwa" pale limefanya kazi moja tu: kumwondolea muuzaji lawama.

Na asiponunua yeye, atanunua mwenye ng'ombe wa maziwa, na sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa. Basi tukubaliane kwamba mahindi ya ukungu yanazikwa au yanachomwa. Ni hasara, najua. Hasara hiyo ni ya kukosa turubai wakati wa kuanika, na mbwa hawezi kuilipa kwa ini lake.

Jambo la pili ni letu zaidi, la kakao. Wilaya hii ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, na bado watu wengi hawajui kwamba kakao ni sumu kwa mbwa. Ndani ya mbegu kuna kitu kinaitwa theobromini. Binadamu anakimudu. Mwili wa mbwa unahitaji takribani saa 17 kupunguza nusu yake tu, kwa hiyo kinajikusanya. Gramu 50 za mbegu kavu, yaani konzi moja, zinatosha kumfanya mbwa wa kilo 15 aumwe vibaya: anatapika, anaharisha, anahema, moyo unakwenda mbio, anatetemeka, na ikizidi anapata degedege na kufa. Zile mbegu zisizofaa kupelekwa mnadani, zilizo bapa au zilizoota ukungu, msizimwage nyuma ya nyumba. Mbegu mbichi zenye ute mtamu ndizo mbaya zaidi kwa kumvuta, kwa sababu mbwa anafuata utamu. Mkivundika, funikeni vizuri na wekeni uzito juu. Kichekesho ni kwamba mbwa huyo ndiye mnayemtegemea kulinda mikeka ya kakao usiku na kufukuza ngedere mchana.

Kwa hiyo mbwa ale nini? Chakula chake cha kila siku kiwe kile mnachokula ninyi, kilicho kizima: ugali wa unga mzuri, wali uliobaki wa jana usiochacha, mchuzi wa samaki usio na kitunguu, maana kitunguu huharibu damu yake. Na pamoja na hayo nasema jambo ambalo limeshanifanya nichekwe kwenye mkutano wa kijiji: muokee biskuti.

Waliocheka walitoa hoja tatu. Nizijibu.

Ya kwanza, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Biskuti ya mbwa ilianza kuuzwa London karibu na mwaka 1860 na Mmarekani aitwaye James Spratt, ambaye alikwenda kule kuuza vifaa vya kukinga radi. Inasimuliwa kwamba aliwaona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa, akapata wazo. Yaani chanzo chake ni makombo ya bandarini. Mbwa wa Itungi au Matema anayezungukia mitumbwi kutafuta usipa waliomwagika amefika pale pale bila Spratt.

Ya pili, kwamba watoto hawajashiba, mbwa ataokewaje? Hoja hii naiheshimu, na ndiyo maana sitakuambia ununue ngano wala siagi. Ninachokwambia utumie ni chenga za mchele na vumbi la usipa linalobaki chini ya gunia, vitu ambavyo wafanyabiashara mnavifagia. Mtoto hanyang'anywi kitu. Linganisha pia na gharama ya kumzika mbwa na kuanza upya na kitoto ambacho kwa mwaka mzima hakijui kubweka kwa maana.

Ya tatu ndiyo inayonikera: mbwa akishiba analala, halindi. Aliyeianzisha hoja hii nadhani alikuwa mwizi. Mbwa mwenye njaa hakai nyumbani. Anakwenda jalalani, anakwenda machinjioni, anakula mayai ya jirani na kuleta kesi kwa mwenyekiti wa kitongoji, anakutana na mbwa wasiojulikana na kurudi na majeraha. Usiku mwizi akimtupia tonge lenye sumu, analimeza kabla halijagusa chini. Aliyeshiba nyumbani ananusa kwanza, na kunusa huko ndiko kunakomwokoa. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amlishe. Njaa si mbinu ya ulinzi inayotambuliwa na sheria hiyo.

Tuoke basi. Chukua vikombe vitatu vya unga wa chenga za mchele. Chenga zioshe, zianike zikauke kabisa, kisha twanga au saga. Ukinusa harufu ya uvundo, acha. Pata kikombe kimoja cha usipa wakavu. Wapepete na kuwaosha, kwa sababu walioanikwa ufukweni wana mchanga, halafu wakaushe tena juu ya jiko na uwatwange wawe unga. Tafuta ndizi mbivu moja, yai moja, na kijiko kimoja cha mawese. Usitie chumvi, sukari, kitunguu wala kitunguu saumu. Usipa waliotiwa chumvi waloweke na kumwaga maji mara mbili.

Unga wa mchele hauna mnato wa ngano, na hapo ndipo wengi hukwama: biskuti zinamomonyoka wakasema mapishi mabaya. Dawa yake ni uji. Chukua robo ya ule unga, upike na maji uwe uji mzito kama wa kubandikia karatasi. Uache upoe kidogo, kisha ponda ndizi humo, tia yai, mawese, unga wa usipa na unga uliobaki. Kanda. Ukiona unapasuka, ongeza maji kidogo kidogo kwa mkono. Sukuma kwa chupa mpaka unene wa nusu sentimita, kata vipande vya ukubwa wa nusu kibiriti, toboa kila kimoja kwa kijiti ili mvuke utoke.

Kuoka ni kama keki za mitaani. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, juu ya mchanga weka sahani ya bati yenye vipande vyako, funika, tia makaa machache juu ya mfuniko na moto mdogo chini. Dakika 30 mpaka 40, ukigeuza mara moja. Usizitoe hapo. Ondoa moto wote uliobaki chini, acha makaa ya juu yafe yenyewe, biskuti zikauke taratibu. Biskuti nzuri huvunjika kwa mlio. Ikipinda bila kuvunjika, ina maji, na yenye maji itaota ukungu, tukarudi kule tulikotoka. Hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Kiangazi zitakaa wiki mbili, masika usizidishe wiki moja. Zikianza kubadilika rangi, tupa. Ndiyo, tupa, hata hizi.

Na tafadhali, mtu asije akasema "nimechukua yale ya ukungu nikayaoka vizuri". Moto wa jiko hauiondoi sumukuvu, na hauondoi sumu ya kakao.

Kwa siku, vipande viwili au vitatu kwa mbwa wa kawaida, si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Hiki si chakula kikuu. Ni cha kumfundishia, na hapa ndipo faida yake kubwa ilipo.

Kila siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa naona jambo lile lile. Mbwa wanaofika ni wale wanaoshikika. Wengine wamekimbilia kwenye migomba, watoto wanawafukuza kwa kamba, mbwa anamng'ata mtoto wa mwenye nyumba, na jioni chupa za chanjo zinarudi zikiwa na dawa. Ili ugonjwa usienee, mbwa 70 katika kila 100 wanapaswa wawe wamechanjwa, na kila anayebaki migombani anatushusha. Binadamu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huu hana tiba. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa wasioshikika walizoeshwa hivyo. Tangu wadogo, mkono wa binadamu kwao ni fimbo au jiwe. Wiki tatu kabla ya chanjo anza hivi: mwite kwa jina, akija mpe kipande kidogo cha biskuti, usimguse. Siku tatu au nne. Kisha mwite, gusa shingo, mpe. Kisha mvalishe kamba kwa dakika moja, mpe, mfungue. Kisha tembea naye na kamba mpaka barabarani na kurudi. Watoto wanaweza kazi hii kuliko sisi, ila wawe wakubwa kidogo na mbwa awe wa nyumbani kwenu. Kitoto cha mbwa cha miezi mitatu kinachanjwa, na kila mwaka kinarudiwa.

Wafanyabiashara, hapo mna biashara safi kuliko lile gunia la kona: oka, funga vipande kumi kumi kwenye karatasi, uza wiki mbili kabla ya chanjo. Ninyi wengine, siku yenyewe ikifika njooni asubuhi kabla jua halijawa kali, kila mbwa na kamba yake, biskuti mbili mfukoni. Moja ya kumtoa nyumbani. Ya pili mpe baada ya sindano.