KONA YA WALIMU: Kwa nini mkono unasita kutoa?

Sisi walimu wa kujitolea tuko, na vipindi vinaendelea. Mwezi huu hatuongei juu ya madaftari. Tunaongea juu ya kusaidiana, maana kuna jambo limetufundisha sisi wenyewe.

Wakati wa mvua, ukuta wa nyumba ya mama mmoja wa kijiji chetu ulianguka. Yuko peke yake na watoto wanne, na wawili ni wanafunzi wetu. Mkutano ukaitwa, na sisi walimu tukapewa kazi ya kuomba mchango. Tukasema kila familia ilete shilingi elfu mbili au unga. Watu wakanyamaza kimya. Halafu baba mmoja akasimama akasema: "Mwalimu, mimi mwenyewe niko mtu wa kusaidiwa. Sina amri juu ya unga ninaokula, wala juu ya kuni, wala juu ya siku ya kurudi nyumbani. Sasa nitoe nini?"

Tulirudi nyumbani na hasira. Tukasema, kumbe watu wamekuwa wachoyo! Lakini usiku tukakumbuka kwamba baba huyohuyo, jirani yake alipolazwa, alimchotea maji wiki nzima bila kuombwa. Basi shida haikuwa moyo wake. Shida ilikuwa namna tulivyomwomba.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli kabisa. Lakini moyo nao unataka kujua kwamba mkono wake una nguvu ya kufanya kitu. Mtu ambaye kila jambo linaamuliwa na wengine, kile kidogo kilichobaki chini ya amri yake anakishika sana. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipokatwa hadi nusu, hakuna mama wa hapa kambini aliyeulizwa. Kilichobaki mikononi mwake ni kuamua jinsi ya kugawa kile kilichomo kwenye sufuria. Sisi tulipokuja na kiasi tulichokwisha kupanga, tulitaka kumnyang'anya hata uamuzi ule.

Wako watu waliochunguza mambo kama haya. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walitoa taarifa ya nyumba moja ya wazee katika jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao mengi yako mikononi mwao, na kila mmoja akapewa mmea mdogo autunze mwenyewe. Wazee wa ghorofa nyingine nao walipewa mimea, lakini wauguzi ndio walioimwagilia maji. Baada ya wiki tatu, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, na walitembelea na kuongea na wenzao zaidi. Hapo hawakupima sadaka, lakini tunaona kwamba mtu mwenye amri juu ya kitu, hata kidogo, anapata nguvu ya kumwangalia mwenzake.

Tena mwaka 2015 Daniel Västfjäll, Paul Slovic na Marcus Mayorga waliandika jambo lingine. Mtu akionyeshwa mtoto mmoja ambaye anaweza kumsaidia, anasikia furaha moyoni. Lakini akionyeshwa pia watoto wengine ambao hawezi kuwafikia, furaha ile inapungua, hata kama yule wa kwanza bado anaweza kusaidiwa vilevile. Ndiyo maana ukisimama mkutanoni ukahesabu shida zote za kambi, watu wanachoka kabla hujamaliza. Kila mtu anajiuliza: kopo langu moja litafanya nini hapo?

Basi tukaitisha mkutano wa pili. Safari hii hatukutaja shilingi. Tuliandika ubaoni: kazi ni ukuta mmoja, tofali 300. Chini yake tukaandika kufyatua tofali, kuchota maji, kukoroga udongo, kujenga, kuangalia watoto, kupika uji, kopo moja la unga. Kila mtu achague mwenyewe kazi na siku. Yule baba akanyanyuka wa kwanza. Kumbe ni fundi! Akasema, "Kujenga niachieni mimi." Bibi mmoja asiyeweza kubeba kitu akachagua kukaa na watoto na kuwatolea hadithi. Jumamosi mbili, ukuta ukasimama. Wako ambao hawakuja, na hatukuwauliza sababu. Kila nyumba inajua mzigo wake.

Na mama mwenye nyumba? Tulimwambia akae apumzike. Akakataa. Akasema, "Msinifanye mgeni kwangu," akachukua sufuria akapika uji yeye mwenyewe. Hapo tukajifunza tena: hata anayesaidiwa anataka mahali pa kuweka mkono wake.

Hatusemi kwamba moyo unajaza sufuria. Mgao mdogo ni mdogo, na mzazi asitoe chakula cha watoto kwa kuona aibu mbele za watu. Lakini tunawaomba mjaribu haya:

1. Ukiomba msaada, taja kitu kimoja chenye mwisho, ambacho watu watakiona kikimalizika.
2. Mwache mtu achague atoe nini na lini. Nguvu, saa moja, au maneno ya faraja, vyote ni mchango.
3. Msisome mbele za watu majina ya wasiotoa.
4. Mtoto akitaka kumgawia mwenzake kiazi chake, mwache aamue mwenyewe. Ukimlazimisha, atajifunza kuficha.
5. Unayemsaidia, naye mpe nafasi ya kufanya kitu.

Mengi hatuna amri nayo hapa, na tunayajua. Lakini kati ya mlango wako na mlango wa jirani, hapo bado unaamua wewe.

Tukutane mwezi ujao. Mbaki salama.

Walimu wenu wa kujitolea