Mfupa Hausemi, Husema Aliyeshika Kalamu

Kila mauaji yanapokosa muuaji, mabishano ya kijiweni huzimwa kwa kauli moja: "Subirini vipimo. Vipimo havidanganyi." Ikishatamkwa, watu hunyamaza kana kwamba hukumu imeshasomwa. Kauli hiyo ni ya hatari, na kisa cha Julie Ward kinatosha kuianika.

Mwingereza huyo, mwenye umri wa miaka 28, alitoweka Maasai Mara mwezi Septemba 1988, alikokwenda kupiga picha za wanyama. Baba yake, John Ward, alipanda ndege kuja kumtafuta. Baada ya wiki moja kikapatikana kilichobaki: sehemu ya mguu na kipande cha taya, karibu na majivu ya moto. Maofisa wakasema ameliwa na simba. Ikasemwa pia kwamba huenda alipigwa na radi.

Daktari aliyeyachunguza mabaki hayo Nairobi aliona mifupa iliyokatwa kwa kitu chenye makali, akaandika hivyo. Lakini ripoti ilibadilishwa. Mifupa iliyokatwa ikageuka kuwa mifupa iliyotafunwa.

Mfupa ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kitenzi, na kitenzi hicho ndicho kilichoamua kama polisi wamsake mtu au walaumu mnyama.

Mtetezi wa vipimo atajibu kwamba huo ulikuwa udanganyifu, si kosa la sayansi. Ni kweli, ila udanganyifu ulipata mlango kwa sababu mfupa wenyewe hauna mdomo. Jino la mnyama huacha vishimo, mikwaruzo na kingo zilizopondeka. Panga huacha ukingo ulionyooka. Hata hivyo mfupa mmoja unaweza kubeba alama zote mbili, kwa kuwa fisi hula hata asichokiua. Akiyakuta mabaki yaliyotupwa na mtu, atayatafuna. Alama za meno zinathibitisha kwamba mnyama alifika. Hazithibitishi kwamba alifika wa kwanza, wala kwamba ndiye aliyeua.

John Ward alikataa kunyamaza. Alirudi Kenya mara nyingi, akatafuta mtaalamu mwingine nchini kwao, naye akaona dalili za makali. Kitabu alichokitoa mwaka 1991 kinawaondolea wanyama hatia tangu kwenye jina lake. Hakimu wa Nairobi alikiri mwaka 1989 kwamba Julie aliuawa, na uchunguzi wa kifo uliofanyika Ipswich mwaka 2004 ukasema vivyo hivyo. Washtakiwa wawili waliachiwa huru mwaka 1992 na wa tatu mwaka 1999. Baba alifariki mwaka 2023 bila kumwona yeyote akitiwa hatiani.

Wapo wanaosema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna DNA. Basi na waitazame Ujerumani. Mwaka 2007 askari polisi wa kike mwenye umri wa miaka 22 alipigwa risasi na kuuawa mjini Heilbronn. DNA iliyookotwa kwenye gari lake ilikuwa ya mwanamke asiyejulikana, na mwanamke huyohuyo alionekana katika matukio mengine yapatayo 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji, wizi, hata bomba la sindano ya heroini. Ikatangazwa zawadi ya euro 300,000. Mwaka 2009 ikabainika kwamba jambazi huyo hakuwahi kuwepo. DNA ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza pamba za kuchukulia sampuli. Pamba zilikuwa zimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakufuti DNA. Maabara haikukosea kuisoma. Waliokosea ni waliouliza "hii DNA ni ya nani?" wakasahau kuuliza "imefikaje hapa?"

Hata alama za vidole hazisomwi kwa macho peke yake. Mwaka 2004 FBI ilimkamata wakili Mmarekani, Brandon Mayfield, ikishikilia kwamba alama iliyopatikana baada ya mabomu ya treni Madrid ni yake. Polisi wa Hispania wakaikuta ni ya mtu mwingine. Baadaye mtafiti Itiel Dror aliwapa wataalamu watano alama ambazo wao wenyewe, miaka ya nyuma, walisema zinalingana. Safari hii waliambiwa ni zile za kosa la Mayfield. Wanne kati ya watano walibadili jibu. Karatasi ilikuwa ileile. Kilichowahamisha ni maneno waliyoyasikia kabla ya kuitazama.

Hakuna anayetaka kurudi kwenye ramli, umbea na kukiri kwa kipigo. Maabara ni kinga dhidi ya hayo yote, na ndiyo maana inapaswa kuhojiwa kama shahidi mwingine yeyote. Mchunguzi aione sampuli kabla ya kuambiwa polisi wanamshuku nani. Mtaalamu wa pili aichunguze bila kujua wa kwanza kasema nini. Pasipojulikana, ripoti iandike kwamba haijulikani. Na neno likibadilishwa, familia ionyeshwe lile la kwanza, lile la pili, na jina la aliyelibadilisha.