UKIUMIA USO KAZINI, USITIE SAHIHI UPESI

Ndugu wanachama,

Watu husema ajali haina kinga. Maneno haya hupendwa hasa na wale ambao kazi yao si kushika nyundo. Chama hakiyakubali. Ajali nyingi zina kinga, na ile iliyokosa kinga ina malipo yake kwa sheria. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo halitajwi sana katika mikutano yetu, nalo ni kuvunjika mifupa ya uso.

Mkono ukivunjika kila mtu huona. Uso hauko hivyo. Uso huvimba, na uvimbe huuficha mfupa. Mwenzetu hupewa vidonge vya maumivu na siku mbili za kupumzika, kisha huletewa karatasi atie sahihi kwamba amepona na hana dai lo lote. Zikipita siku 5 au 7 uvimbe hushuka, ndipo huonekana shavu limebonyea, jicho limeingia ndani, na meno ya juu hayakutani na ya chini. Lakini sahihi yake imekwisha kaa katika faili. Mambo haya tumeyaona hapa kwetu zaidi ya mara moja, na hatutaki kuyaona tena.

Uso huvunjikaje kazini? Watu wa njia wanajua: mtaimbo ukiteleza chini ya reli hurudi juu na kumpata mtu kidevuni. Chuma kikipigwa nyundo huruka vipande kama risasi. Anayeunganisha mabehewa anajua mpira wa hewa wa breki: ukifunguliwa kabla ya kufunga bomba na kutoa hewa, hupiga kama mjeledi. Wenzetu wa bandarini wanaijua kamba ya chuma inapokatika. Tena wako wanaoitwa kazini usiku wa manane, wakatoka Kondele, Manyatta au Nyalenda kwa boda boda, gizani, bila kofia. Wengine hufika hospitali kabla ya kufika stesheni.

Elimu ya mifupa hii si ngeni. Mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu, mji ukiitwa bado Port Florence, daktari wa Ufaransa René Le Fort alionyesha ya kuwa uso wa mtu ukipigwa kwa nguvu hupasuka kwa njia tatu zinazojulikana, hata taya la juu laweza kuachana na kichwa. Basi mtu asituambie kwamba haya hayatambulikani.

Kila mwanachama na azijue dalili hizi. Meno yasipokutana kama zamani, au mdomo wa chini ukifa ganzi, au damu ikionekana chini ya ulimi, taya la chini huenda limevunjika. Shavu likibonyea, ngozi ya chini ya jicho ikifa ganzi, au mtu akiona vitu viwili palipo na kimoja, ni mfupa wa shavu au wa tundu la jicho. Maji meupe yakitoka puani au sikioni baada ya pigo, huenda ni maji ya ubongo: apelekwe hospitali mara moja.

Na ajuaye kumsaidia mwenzake huokoa roho. Kwanza ni pumzi. Mtu anayevuja damu usoni asilazwe chali, kwa maana damu na meno yaliyong'oka humziba koo. Kama ana fahamu zake, akae ameinama mbele. Kama hana, alazwe ubavu, na shingo isipindwe. Damu ikandamizwe kwa kitambaa safi, lakini jicho lisikandamizwe kamwe. Jino zima la mtu mzima likitoka, lishikwe kwa upande wa kutafunia, si kwa mzizi. Lioshwe kidogo na kurudishwa mahali pake, au litiwe katika maziwa, na mtu afike kwa daktari wa meno katika saa moja. Tusitie petroli, udongo wala unga wa kahawa katika kidonda. Tusikande mfupa kwa mafuta. Na aliyeumia shavu asipenge kamasi.

Kidonda cha uso nacho si cha kushonwa ovyo. Mchanga na moshi wa barabara visiposafishwa vyote, ngozi hufunga juu yake na alama nyeusi hubaki maisha. Kabla ya sindano ya ganzi, mgonjwa na aambiwe ainue nyusi, afumbe macho na aonyeshe meno, ijulikane kama mshipa wa fahamu wa uso umekatika. Tena aulizwe juu ya sindano ya pepopunda. Hapa Kisumu tunayo hospitali kubwa ya rufani ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Soviet. Mtu mwenye dalili tulizotaja asiridhike na plasta ya zahanati. Aombe picha na aonwe na daktari wa mataya. Mifupa ya uso hushikana upesi. Zikipita wiki 2 au 3 imekaa vibaya, kazi ya kuirudisha huwa ngumu sana.

Aliyefungwa mataya kwa nyaya hukaa hivyo wiki 4 hadi 6. Chakula chake ni uji, maziwa na mchuzi wa samaki. Mtu huyu hawezi kubeba reli. Siku mbili za kupumzika ni mzaha.

Sasa sheria. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba gharama za matibabu ya aliyeumia kazini, pamoja na matibabu ya meno, ni za mwajiri. Mwajiri akipata habari ya ajali, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Aliyeshindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi ana haki ya malipo. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii, basi njia ya kwanza ni kwa Mkurugenzi. Mtu akikuambia utumie kadi yako ya SHA kwa jeraha la kazini, mwulize kwa nini mfuko wako ulipe deni lake.

Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kwa hiyo twadai: miwani na ngao za uso kwa wote wapigao chuma, hewa itolewe kabla mpira haujaguswa, hata kama nyapara ana haraka, gari kwa wanaoitwa usiku, na kamati inayokutana kweli, si ya majina ukutani. Nasi kwa upande wetu tuvae tunachopewa. Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja umeonyesha kwamba kofia ya pikipiki hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini tuchague ile inayofunika kidevu, kwa kuwa kofia ya wazi huliacha taya nje.

Ndugu, ukiumia uso, toa habari siku ile ile, uandikwe katika kitabu cha ajali, uchukue majina ya walioona. Karatasi yo yote ikiletwa, ipeleke kwanza kwa katibu wa tawi. Kalamu haina haraka. Taya ndilo mlangoni pa chakula cha watoto wako. Usiliuze kwa siku mbili za kupumzika.

Umoja ni nguvu.