Mama, huyo si paka mkali, ni mondo

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Karatu. Anasema watoto wake waliokota kitoto cha paka shambani wakati wa kuvuna mahindi, wakakilea kwa maziwa ya ng'ombe na nyama ya kuomba buchani. Sasa kina miezi minane, kimewazidi urefu paka wote wa mtaa, kinakojolea magodoro, na mtoto wa mwisho akikisogelea kinatoa sauti kama nyoka. Juzi kimemng'ata mkono. Anauliza kama kina wivu na mtoto.

Ametuma na picha. Miguu mirefu, kichwa kidogo, masikio makubwa kama miiko, madoa meusi kwenye manyoya ya njano, mkia mfupi. Mama, huyo ni mondo, mnyama wa porini.

Kabla ya yote, mkono wa mtoto. Kama hujampeleka hospitali, mpeleke leo, hata kama kidonda kimeanza kukauka. Kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Kidonda cha kung'atwa huoshwa hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto anawahishwa kwa daktari.

Sasa tuje kwenye wivu. Hakuna wivu hapo. Mondo amekuwa akiongea muda wote, ila nyumba nzima haikuelewa lugha yake.

Mtazame masikio. Yakisimama na kugeuka huku na huku anasikiliza, maana porini huwinda panya kwa kuwasikia ndani ya majani. Yakilala na kubanwa kichwani, ameshaona amebanwa. Mgongo ukipinda na manyoya yakasimama, anakuomba urudi nyuma. Ile sauti ya nyoka ni ombi hilohilo kwa nguvu zaidi. Anayefuata baada ya hapo ni mguu wa mbele, na mondo hupiga panya na nyoka kwa mguu huo, kwa hiyo usidhani anacheza.

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea. Tukisikia ile sauti tunamchapa mnyama kwa fagio, au tunacheka na mtoto anarudia kumchokoza. Mnyama anajifunza kwamba kuonya hakusaidii. Siku nyingine hataonya, atang'ata moja kwa moja.

Na mtoto wa mwisho ndiye anayeumia kwa sababu ndiye mfupi, anakimbia, anapiga kelele na anamkazia macho. Kwa mwindaji, kitu kidogo kinachokimbia kinafukuzwa.

Mkojo nao ni ujumbe. Porini mondo hurushia mkojo vichaka ili wengine wajue hapa pana mwenyewe. Kwenu kichaka ni godoro, na kuosha kwa Omo hakutamzuia kesho asirudie.

Watoto watakwambia, "Lakini mama, akilala anakoroma kwa raha!" Kweli, mondo hukoroma kama paka. Ila paka wanaweza kukoroma hata wakiwa na hofu au maumivu, kwa hiyo usiutegemee mkoromo peke yake. Zile video za duma kwenye magari ya Uarabuni zimewadanganya wengi hapo. Huko kwenyewe, Falme za Kiarabu zilipitisha sheria mwishoni mwa 2016 kukataza watu kufuga wanyama wa namna hiyo majumbani.

Paka wa nyumbani anatokana na kimburu na ameishi na binadamu maelfu ya miaka. Mondo wako amekaa nanyi miezi minane tu. Hata chakula hakikumfaa: maziwa ya ng'ombe huharisha wengi wa jamii hii, na nyama tupu bila mifupa hulegeza mifupa yao wenyewe.

Unaogopa kushtakiwa, nimeona ulivyoandika. Ni kweli Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukaa na mnyama wa porini bila kibali. Ndiyo maana usisubiri jirani akusemee. Nenda mwenyewe kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au umwombe mwenyekiti wa kijiji akusindikize, mweleze jinsi watoto walivyomwokota na kwamba ameng'ata mtu. Usimwachie porini usiku kimyakimya. Hajafundishwa kuwinda na haogopi watu, ataishia kwenye banda la kuku la mtu na kupigwa mawe. Mpaka afisa afike, mweke chumba chenye mlango unaofungwa, maji yawepo, na watoto wasiingie.

Waambie watoto ukweli kwamba anaondoka. Watalia, waache walie.

Na mavuno yajayo wakikuta vitoto kwenye majani, wasiviguse. Mara nyingi mama yao amekwenda kuwinda na atarudi. Acheni kipande hicho cha shamba hadi kesho yake, mfungeni na mbwa.