Cheti cha Kuhudhuria Hakitibu Kifua Kikuu

Ukiingia katika zahanati nyingi za nchi yetu utakuta ukutani, kando ya kalenda na ratiba ya chanjo, vyeti vilivyotiwa fremu. Vingi kati ya vyeti hivyo havisemi kwamba mwenyewe alitahiniwa akafaulu. Vinasema tu kwamba alihudhuria. Alihudhuria semina ya siku chache juu ya kifua kikuu, au warsha juu ya virusi vya Ukimwi. Akasikiliza, akanywa chai, akatia sahihi karatasi ya posho, akarejea kituoni kwake. Kesho yake akakabidhiwa wagonjwa.

Utaratibu huo haufai, nao unaumiza watu wawili kwa mpigo: mgonjwa, na muuguzi mwenyewe. Wala suala la nani anastahili kumtibu mwenye ugonjwa wa kuambukiza si la madaktari peke yao. Ni la maofisa wanaoandika miundo ya utumishi, ni la walimu wanaofundisha vyuoni, na ni la kila mwananchi ambaye siku moja atakohoa usiku kucha na alfajiri ajikokote hadi zahanati.

Tuanze na hali ilivyo. Huko vijijini mtu wa kwanza kumwona mgonjwa, na mara nyingi wa pekee, ni muuguzi. Daktari yuko hospitali ya wilaya. Tabibu amekwenda kufuata dawa, au yuko likizo, au nafasi yake haijajazwa. Anaingia mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu, amekonda, usiku hutoka jasho hadi shuka huloa. Kwenye karatasi kazi ya muuguzi ni kuuguza. Lakini hapo yeye ndiye anayehoji, yeye anayepima, yeye anayeamua makohozi yapelekwe wapi, na yeye anayempa mgonjwa dawa. Akipatia, hakuna anayeuliza alitumia mamlaka gani. Akikosea, ndipo wakubwa wanapokumbuka kufungua kitabu cha kanuni.

Huu ni unafiki wa kiutumishi, na hapana budi uitwe kwa jina lake. Tunamtegemea muuguzi kama tabibu, tunamlipa kama muuguzi, tunamfundisha kama mgeni wa semina, kisha tunamhukumu kama daktari. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi ofisini huuona mzigo huu mwepesi kwa sababu haupo begani mwake.

Je, kazi yenyewe ni nyepesi? Tuitazame. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita: miwili ya kwanza kwa dawa nne, na minne inayofuata kwa dawa mbili. Mojawapo ya dawa hizo, isoniazidi, huweza kuleta ganzi ya miguu, na kinga yake ni vitamini B6. Nyingine, etambutoli, huweza kudhuru macho. Nyingine huweza kudhuru ini hadi mgonjwa akageuka manjano. Muuguzi asiyejua dalili hizi atamwambia mgonjwa avumilie, na mgonjwa atakayeshindwa kuvumilia ataacha dawa. Akiacha dawa huenda vimelea vikawa sugu, naye akawaambukiza wanawe kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida.

Aidha, mgonjwa huyo huyo akiwa na VVU, mambo yanazidi kuwa magumu. Rifampisini, iliyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dolutegraviri, ambayo leo ndiyo dawa kuu ya kufubaza VVU. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Asiyelijua jambo hili ataandika dozi pungufu kwa moyo safi kabisa. Tena yuko mgonjwa mwenye VVU anayekuja na maumivu makali ya kichwa, kumbe ana homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi. Huyu akianzishiwa dawa za VVU upesi upesi anaweza kufa kwa ajili ya haraka hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kwanza atibiwe fangasi, kisha dawa za VVU zisubiri kwa wiki nne hadi sita. Je, ni semina gani ya siku tano itakayomfundisha mtu kutofautisha kichwa hiki na kichwa cha malaria, wakati foleni inafika hadi chini ya mwembe?

Wako wanaojibu kwa haraka kwamba, kwa kuwa kazi ni ngumu hivyo, basi iachiwe madaktari. Wenye hoja hiyo wanatetea heshima ya taaluma yao, lakini hawasemi mgonjwa wa kijijini amsubiri daktari huyo hadi lini. Historia nayo inawakana. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa mwaka 1977, kwa msaada wa mtaalamu Karel Styblo, tiba haikufungiwa katika hospitali kubwa. Ilipelekwa katika vituo vya kawaida na kutolewa na watumishi wa kawaida, ila kwa masharti: rejista iliyojazwa sawasawa, makohozi yaliyopimwa kwa wakati, na mratibu wa wilaya aliyekuja kukagua. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mtindo huo na kuupendekeza kwa mataifa mengine. Dunia ilijifunza kwetu, nasi hatuna sababu ya kuusahau mtindo wetu wenyewe.

Huko Afrika Kusini jambo hili lilipimwa kitaalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu wagonjwa 812 wenye VVU, uliwalinganisha waliofuatiliwa na wauguzi na waliofuatiliwa na madaktari. Matokeo ya wauguzi hayakuwa duni. Mwaka huo huo serikali ya nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi kuwaanzishia wagonjwa dawa za VVU. Botswana nayo imekuwa ikiwaandaa wauguzi wa kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa tangu miaka ya 1980. Na huko Marekani mafunzo ya kwanza ya wauguzi wa namna hiyo yalianza mwaka 1965 katika jimbo la Colorado. Kwa hiyo anayedai kwamba muuguzi kwa asili yake hawezi kazi hii ana kasumba tu, hana ushahidi.

Lakini wako na wengine, na hawa ni wa hatari zaidi kwa kuwa wanazungumza kama marafiki wa muuguzi. Husema: kama wauguzi wanaweza, basi wapeni kazi, sifa zitakuja zenyewe. Hawa huutaja utafiti wa Afrika Kusini nusu yake. Hawasemi kwamba wauguzi wale hawakuokotwa njiani. Walikuwa wamefundishwa, na walikuwa na madaktari wa kuwauliza. Wala hawasemi kwamba Sheria ya Uuguzi ya Afrika Kusini ya mwaka 2005, katika kifungu chake cha 56, imeweka njia ya kumpa muuguzi idhini ya kupima, kutambua ugonjwa na kutoa dawa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kugawana majukumu mwaka 2008, halikusema kazi ishushwe kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo ilimradi imeshuka. Lilitaka mafunzo, usimamizi, kanuni na malipo yanayolingana na kazi. Sisi tumependa sana kuchukua la kushusha kazi na kuyaacha mengine mezani.

Kumpa muuguzi sifa za maneno, huku tukimnyima elimu na sheria ya kumlinda, ni kumvika kilemba cha ukoka. Na kilemba hicho kinaua. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi uliotangazwa mwaka 2014, watumishi wa afya zaidi ya 800 waliambukizwa na zaidi ya 500 walifariki dunia, na zaidi ya nusu ya walioambukizwa walikuwa wauguzi na wasaidizi wao. Na sisi hatukuwa mbali na moto huo. Homa ya Marburg ilizuka mkoani Kagera mwaka 2023 ikaua watu sita, mmoja wao akiwa mtumishi wa afya. Mwaka 2025 ikarudi tena katika mkoa huo huo. Ugonjwa huo huanza kama homa nyingine yoyote. Wa kwanza kuugusa mwili wa mgonjwa ni muuguzi, kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Asipofundishwa kuvaa mavazi ya kinga, na zaidi ya hapo kuyavua, kwa kuwa hatari kubwa imo katika kuyavua, tumempeleka vitani bila silaha.

Sasa basi, sifa zipi? Mimi napendekeza tano, na ninaomba zijadiliwe.

Kwanza, awe muuguzi aliyesajiliwa, mwenye leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na awe amefanya kazi wodini kwa miaka isiyopungua miwili. Asiyejua kuuguza hawezi kutibu.

Pili, asome kozi kamili ya mwaka mmoja juu ya magonjwa ya kuambukiza, chini ya chuo kinachotambuliwa, na nusu ya mwaka huo aitumie kando ya vitanda vya wagonjwa. Mahali pa kujifunzia tunapo. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza kuwahudumia wenye kifua kikuu mwaka 1926, ndiyo iliyoanza mwaka 2009 kuwatibu wenye kifua kikuu sugu hapa nchini. Elimu iliyokusanyika huko kwa miaka karibu mia moja isiishie ndani ya uzio wake.

Tatu, atahiniwe mbele ya mgonjwa. Apewe mtu mwenye kikohozi na mtu mwenye kichwa kinachouma, na watahini waone anauliza nini, anagusa wapi, anaandika nini. Mtihani wa kuchagua jibu la a, b au c hauonyeshi kama mkono wake unatetemeka.

Nne, baada ya kufaulu, afanye kazi chini ya jicho la msimamizi mwenye jina na namba ya simu, ambaye atakuja kituoni na kukagua rejista, hadi atakapothibitishwa. Na ajue mpaka wake: mgonjwa gani amtibu, na yupi ampeleke mbele siku hiyo hiyo.

Tano, idhini yake iwe na mwisho, naye atahiniwe upya kila baada ya miaka michache, kwa kuwa dawa hubadilika na vimelea navyo hubadilika.

Yakitimizwa hayo matano, serikali nayo itimize lake: cheo hicho kiandikwe katika muundo wa utumishi, kiwe na mshahara wake, na sheria iseme bayana dawa anazoruhusiwa kuandika. Hapo ndipo tutakuwa na haki ya kumwajibisha.

Najua jawabu litakalotolewa: fedha ziko wapi, na nani atabaki zahanati wakati muuguzi yuko masomoni? Hoja hii ina uzito. Lakini tujumlishe kwanza gharama za semina zisizokwisha, kumbi, magari na posho, kisha tuulize zimetuachia wauguzi wangapi waliothibitishwa. Semina nyingi kati ya hizo zililipiwa na wafadhili. Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi katika nchi nyingi ilitikisika kwa siku chache tu. Mradi ukifa, semina hufa nao. Sifa iliyotiwa katika sheria na katika chuo haifi kwa amri iliyotiwa sahihi Washington. Kuhusu nafasi iliyo wazi, wapelekwe kwa zamu, wachache wachache kutoka kila wilaya. Kumkosa muuguzi mwaka mmoja ni hasara. Kuwa naye miaka thelathini hali hajui rifampisini inafanya nini ni hasara kubwa zaidi.

Ndugu walimu, ninyi mnalijua jambo hili kuliko wote. Hakuna mwalimu anayemwandikia mwanafunzi kuwa amefaulu kwa sababu jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Ndugu watumishi wa serikali, ninyi nanyi mnajua kwamba mhasibu hapewi hadhi ya taaluma yake hadi afaulu mitihani ya bodi, ilhali anachoshika ni fedha. Muuguzi ameshika roho za watu. Kwa nini yeye tumpime kwa kipimo chepesi kuliko tunachompimia mhasibu?

Vile vyeti vya ukutani havina kosa, na wenye vyeti hivyo hawana kosa vilevile. Walikwenda walikoitwa, wakachukua walichopewa. Kosa ni letu tuliowaita kwa chai na posho, tukawarudisha kwenye foleni ya wagonjwa tukiwa tumeridhika. Basi maofisa wenye kalamu wauandike upya muundo huo, na vyuo viandae mtihani. Muuguzi wa zahanati ya mbali yuko tayari kutahiniwa. Kila asubuhi anatahiniwa na wagonjwa, na hadi leo hajapata wa kumsaidia kujibu.