Troli Nayo Ina Kwao

Ndugu zangu wasemaji wa Kiswahili mnaoishi California na kwingineko ugenini, leo naomba tuzungumze juu ya chombo ambacho sote tumekishika: troli ya supamaketi. Bila shaka mmewahi kuikuta imesimama peke yake penye kituo cha basi, au imepinduka kijitoni, imenasa majani na mifuko. Wapita njia wengi huidhania taka. Si taka. Ni mali ya mtu, na ina kwao.

Troli ilianza mwaka 1937 huko Oklahoma City, katika maduka ya Sylvan Goldman. Siku za mwanzo wateja waliikataa. Wanaume kwa wanawake waliendelea kubeba vikapu mkononi. Ikambidi Goldman aajiri watu wa kuzungukazunguka dukani wakisukuma troli, ili wengine wawaone na kuwaiga. Waliigwa, na desturi ile ikaenea duniani. Naomba tulikumbuke jambo hili, maana nitalirudia mwishoni.

Troli ikiachwa njiani, wa kwanza kuumia ni wanyonge. Anayetumia kiti cha magurudumu hukuta njia imezibwa, akalazimika kushuka barabarani kwenye magari. Asiyeona huigonga kabla fimbo yake haijamwonya. Mama anayesukuma kigari cha mtoto naye hutafuta pa kupita. Ikitumbukia mtaroni, waya zake hukusanya takataka, na mvua ikinyesha maji hukosa njia.

Mamlaka hazikukaa kimya. Kwa sheria ya California, mtu akiitoa troli nje ya eneo la duka bila ruhusa, kwa nia ya kumnyima mwenyewe hata kwa muda, ametenda kosa la jinai, mradi troli ina kibandiko chenye jina la mwenyewe na onyo dhidi ya kuitoa. Sheria haikumsahau mwenye duka pia. Jiji likimjulisha kwamba troli yake imeonekana, ana siku 3 za kazi za kuja kuichukua. Akizembea zaidi ya mara 3 ndani ya miezi 6, anaweza kutozwa faini. Uingereza nako, kwa sheria ya mazingira ya mwaka 1990, halmashauri zinaweza kuzikamata troli zilizotelekezwa na kuwadai wenyewe gharama za kuziondoa na kuzitunza.

Maduka nayo yana mbinu zao. Yapo yanayofunga magurudumu yenye kufuli inayojikaza troli ikivuka mpaka wa maegesho. Mengine hulipa watu wenye malori wazunguke mitaani kuzikusanya. Maduka ya Aldi ya Marekani hutumia njia nyepesi kuliko zote: unatumbukiza sarafu ya senti 25 ili troli ifunguke, nayo hukurudia ukiirudisha. Robo dola haimtajirishi mtu wala haimfilisi, lakini inatosha kumkumbusha kwamba alichoshika ni cha kuazima.

Hata hivyo, tusiwahukumu watu kwa haraka. Wengi wanaoondoka na troli si wezi. Ni watu wasio na gari. Mwaka wangu wa kwanza ugenini nami niliisukuma troli mpaka mlangoni, yenye mfuko wa mchele, viazi, mafuta na maziwa ya watoto, kwa sababu basi lilikuwa mbali na mikono ilikuwa miwili tu. Kosa langu halikuwa uchovu. Kosa langu lilikuwa kuiacha chini ya mti nikijiambia kwamba kesho atakuja mtu kuichukua.

Wapo pia ndugu wasio na makazi, ambao troli ndiyo kabati lao: ina blanketi, dawa na vyeti. Mwaka 2012, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliuzuia mji wa Los Angeles kunyakua na kuharibu papo hapo mali ambazo watu wasio na makazi wa mtaa wa Skid Row walikuwa wameziacha kwa muda walipokwenda kula au kuoga. Tunapotaka mitaa safi, tusikubali usafi huo upatikane kwa kutupa mali ya mwenzetu.

Basi nawaombeni haya. Ukimaliza kupakia gari, irudishe troli mahali pake hata kama mvua inanyesha. Kama huna gari, jinunulie kigari cha kukunja chenye magurudumu mawili, au mkubaliane majirani watatu au wanne kwenda sokoni kwa gari moja na kuchangia mafuta. Ukiiona troli imezagaa na ni tupu, isogeze pembeni, kisha piga simu dukani; mara nyingi namba imeandikwa palepale kwenye kishikio. Viongozi wa misikiti, makanisa na vyama vyetu, mnapowapokea wageni wapya na kuwaonyesha shule na hospitali, waonyesheni na hili, maana wengi hawajui kwamba lina sheria. Nanyi mnaohudhuria vikao vya halmashauri, ombeni mabasi yapite karibu na maduka, na ombeni maduka yawafikishie mizigo wazee na wasio na gari. Faini peke yake haimbebei mama mchele wake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliohamia miji hii tunaweza kuwa wageni wa namna hiyo, tena kwa jambo dogo lisilohitaji cheo wala pesa. Mwaka 1937 watu walijifunza kuichukua troli kwa kuwatazama wenzao wakiisukuma. Kuirudisha nako watajifunza kwa kututazama sisi, na wa kwanza kututazama ni watoto tunaowashika mkono pale kwenye maegesho. Jumamosi hii ukitoka dukani, mkabidhi mwanao kishikio cha troli, mwende pamoja, muirudishe kwao.