Runinga zetu hazina subira na vipindi vipya

Jumamosi iliyopita, taarifa ya habari ya saa moja usiku ilipokwisha, nilishika rimoti nikavipitia vituo vyetu vya kibiashara kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilikuwa na tamthilia ya kigeni, wahusika wakifumbua vinywa huku sauti za wengine zikitoka. Cha pili kilicheza video za muziki. Cha tatu kilirudia vichekesho ambavyo sisi nyumbani tulikwisha kuvicheka na kuvimaliza miaka mingi iliyopita. Nilipogeuka kuuliza tutazame kipi, nilikuta kijana wangu amekwenda kutazama mpira wa Uingereza kwenye kibanda cha jirani, na binti yangu amejifungia chumbani na simu yake. Tulibaki mimi na mama yao, na chai iliyokuwa ikipoa.

Wasimamizi wa vituo husema kwamba vipaji vimeadimika na kwamba mtazamaji wa siku hizi haridhiki kwa lolote. La pili nalikubali kwa kiasi. La kwanza silikubali hata kidogo.

Ni haki tukiri kwanza kwamba kazi yao ni ngumu. Mechi ya jioni ya ligi ya Uingereza, ile inayoanza saa kumi na moja na nusu huko kwao, hutufikia sisi saa mbili na nusu usiku wakati wao wa baridi, na saa moja na nusu wakati wa kiangazi chao. Yaani kipindi kipya cha Jumamosi hupangwa kushindana na kabumbu, na sijui mtunzi gani wa vichekesho aliye tayari kwa pambano hilo. Tena tulipohamia mfumo wa dijitali mwaka 2015, baada ya vituo vikubwa kukosekana hewani kwa majuma mawili na zaidi, idadi ya stesheni ilipanda ghafla ilhali fedha za matangazo hazikupanda kwa kasi hiyo. Vituo vikaziegemea kampuni za kamari. Aprili 2025 serikali iliposimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, wengi wetu tuliona jinsi egemeo hilo lilivyokuwa dhaifu.

Hata hivyo, hebu tujiulize vile vipindi vilivyotupendeza vilizaliwa vipi. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilikulia katika kituo cha serikali, ambako hakuna mdhamini aliyekuja kila mwezi kudai hesabu ya watazamaji. Marehemu Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang', alipewa miaka na miaka ya kumkuza mhusika wake mpaka akawa kama jamaa wa kila nyumba. Papa Shirandula, yule bawabu aliyemficha mkewe kazi aliyoifanya mjini, aliingia Citizen mwaka 2007, na marehemu Charles Bukeko aliigiza nafasi hiyo hadi alipofariki Julai 2020. Miaka 13! Leo kipindi kipya aghalabu hupewa vipande 13, robo ya mwaka tu, na kabla watazamaji hawajayazoea majina ya wahusika, saa yake imekwisha kubadilishwa mara mbili, na cha tatu ni kusikia kwamba kimeondolewa.

Jambo jingine ni uoga. Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna wa Redykyulass walimwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu. Taifa zima lilicheka, na nusu ya kicheko hicho ilikuwa ni mshangao kwamba jambo hilo laweza kufanyika na watu wakalala nyumbani kwao. Sidhani kwamba pendekezo kama lile lingepita leo mbele ya meneja wa matangazo. Yeye hutaka kipindi kisichomuudhi yeyote, na kipindi cha namna hiyo hakimfurahishi yeyote pia. Mashindano makubwa ya uimbaji yaliyoanza mwaka 2006 yalivuma kote Afrika Mashariki, lakini yalibeba jina la bia, na sisi wenye watoto wadogo tuliyatazama tukikohoakohoa. Kipindi kinachoishi kwa pumzi ya mdhamini hufa siku mdhamini anapochoka.

Na vipaji viko wapi? Daniel Ndambuki, yaani Churchill, alivionyesha Jumapili jioni kwa miaka mingi kwa njia rahisi kabisa: aliwapa vijana wasiojulikana dakika chache jukwaani, aliyeshindwa akarudi tena, na baadhi yao wakawa mashuhuri kumzidi mwalimu. Abel Mutua, tuliyemwona Tahidi High akiigiza, leo hukaa mbele ya kamera yake mwenyewe akasimulia visa kwenye YouTube. Njugush naye alipita runingani, kisha akajenga hadhira yake nje ya runinga. Vijana hawa hawakukimbia sifa. Walikokwenda, kazi waliyoitunga ni mali yao. Kwenye vituo, msanii mara nyingi hutia saini mkataba unaomwachia mwajiri kila kitu, kisha miaka kumi baadaye kazi yake hurudiwa Jumamosi usiku, kama nilivyoiona mimi, naye yuko nyumbani hana alichopata.

Sheria inayodai asilimia 40 ya vipindi iwe ya humu nchini haitatibu hayo. Asilimia hiyo yaweza kujazwa kwa mahojiano ya wanasiasa na marudio ya usiku wa manane.

Ninachoviomba vituo ni kidogo. Chagueni saa moja ya Jumapili jioni, kwa kuwa Jumamosi mpira umekwisha kuichukua, na msiihamishe kwa miaka miwili. Kiweni radhi na hasara ya mwaka wa kwanza kama mnavyoivumilia hasara ya mambo mengine. Watungaji wapeni fungu la haki ya kazi yao, ili wakati wa marudio nao wapate chochote. Mkianza, mimi nitakuwa kitini pangu na chai yangu. Wanangu siwezi kuwasemea.